Mrusho Gani Sasa? Namna ya Kumwongoza Mrushaji Mdogo wa Besiboli

Katika mechi nyingi za besiboli za vijana nchini Marekani, kabla ya kila mrusho mtoto aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji hugeuza kichwa na kutazama benchi la timu yake. Pale benchini kocha hugusa pua, sikio, ukingo wa kofia, kisha mkanda. Mtoto huyo, ambaye ndiye mdakaji, huzigeuza ishara hizo kuwa kidole kimoja au viwili anavyovionyesha katikati ya mapaja yake, na mrushaji aliye kwenye kilima hutii. Urushwe mpira wa kasi au wa taratibu, uende ndani au nje, yote yameamuliwa na mtu mzima aliyesimama pembeni.

Siupingi utaratibu huu wote. Upo umri ambao mtoto anahitaji kuonyeshwa njia. Ila kocha anayeagiza mirusho ana kazi moja kubwa kuliko kushinda mechi ya Jumamosi: kuwafundisha watoto hao wawili, mrushaji na mdakaji, kufikiri wenyewe mpaka wafike mahali wasimhitaji. Mchezaji wa bao hajifunzi bao ikiwa kila zamu mkono wa mwingine ndio unaosogeza kete zake.

Ninayoyaandika hapa ni kwa makocha na wazazi. Nawafikiria wazazi wanaozungumza Kiswahili waliohamia Marekani, ambao watoto wao wameingia ligi za mtaani na kurudi nyumbani wamevaa glovu ya mchezo ambao baba na mama hawakuucheza. Nawafikiria pia walimu wanaoukuza mchezo huu Dar es Salaam na Uganda. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika Little League World Series, mashindano ya dunia ya ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania. Kwa hiyo si habari ya mbali.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na mpira unaopita juu ya bamba la nyumbani, kwa kimo cha kati ya magoti na kifua, ni straiki. Straiki tatu humtoa mpigaji. Mipira minne iliyopita nje ya eneo hilo, yaani boli nne, humpa besi, yaani kituo cha kukimbilia, bure. Watoto wa Little League hadi miaka 12 hurusha kutoka futi 46, karibu mita 14. Watu wazima hurusha kutoka futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44. Mtoto mwenye mkono mzuri anapofikisha kilomita 95 kwa saa, mpigaji mwenzake ana takribani nusu sekunde ya kuuona mpira, kuamua na kuzungusha gongo. Uchaguzi wa mrusho una nguvu kwa sababu hiyo: nusu sekunde ni muda mfupi, na mpigaji aliyetegemea kasi akapewa mpira wa taratibu huwa ameshazungusha gongo mpira haujafika.

Anza kwa kujua mtoto ana nini mkononi. Hapa ndipo makocha wengi wanapopotea, kwa kumwagizia mrushaji wa miaka 10 kana kwamba ni mtu wa ligi kuu. Mtoto wa miaka 9 au 10 haagizwi mrusho. Ana mpira mmoja, wa kasi, na kazi yake ni kuupitisha juu ya bamba. Mdakaji aweke glovu katikati, mrushaji ailenge, basi. Ishara za benchini katika umri huo humfanya aache kutazama glovu na kuanza kuwaza.

Akifika miaka 11 au 12, mwongezee chenjapu, yaani mpira unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono lakini ukashikwa kwa kina kiganjani ili utoke taratibu. Huo ni mrusho wa kufundishwa mapema, maana hauhitaji kukunja kifundo wala kiwiko, na unamdanganya mpigaji kwa kasi tu. Maagizo yako yawe manne, yasizidi: kasi ndani, kasi nje, chenjapu, na "chagua mwenyewe". Usimwagize mtoto wa miaka 12 apige kona ya chini ya nje. Mlengo wake unakosea kwa upana wa bamba zima. Ukimwambia "nusu ya nje" utakuwa umemwagiza jambo analoliweza.

Kuhusu mpira wa kupinda, wazazi huuliza sana, na jibu la kweli lina pande mbili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowafuatilia warushaji wa miaka 9 hadi 14, uliuhusisha mpira wa kupinda na maumivu ya bega, na slaida, mrusho wa haraka unaopinda kando, na maumivu ya kiwiko. Vipimo vya maabara vilivyofuata havikuonyesha kwamba mpira wa kupinda unakikaza kiwiko cha kijana kuliko mpira wa kasi. Kilichozidi kuthibitika ni hatari ya kurusha kupita kiasi: utafiti uliowafuatilia warushaji wadogo kwa miaka 10, ukatolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba waliorusha zaidi ya iningi (vipindi vya mchezo) 100 kwa mwaka walikuwa na uwezekano mara 3.5 wa kupata jeraha kubwa la mkono kuliko wenzao. Msimamo wangu ni kungoja. Mpira wa kupinda ni mtamu kwa kocha kwa sababu wapigaji wa miaka 12 hawaupati, na utamu huo ndio unaomfanya auagize mara 30 katika mechi moja. Mtoto anashinda kwa miaka miwili, kisha wapigaji wanakua na kuuzoea, naye hana mpira wa kasi wenye mlengo kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuurusha. Greg Maddux alishinda mechi 355 katika ligi kuu bila kuwa na mkono wenye kasi ya kutisha. Silaha zake zilikuwa mlengo na kubadilisha mwendo, vitu viwili ambavyo mtoto anaweza kuanza kujifunza leo.

Agizo la mtu mzima lina uzito ambao kocha hausikii akiwa benchini. Mtoto akiagizwa mrusho ataurusha hata kama kiwiko kinamuuma, hata kama anaona kwa macho yake kwamba mpigaji anausubiri mpira huohuo. Kwa watoto waliolelewa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi. Nyumbani wamefundishwa kuamkia, kuitika "naam" wanapoitwa, na kutobishana na mkubwa. Ni malezi mema, nami nayapenda. Lakini kwenye kilima yanaweza kumfunga mtoto mdomo wakati tunapohitaji aseme. Wenzake Wamarekani humtikisia mdakaji kichwa kukataa mrusho bila kuona haya, na yeye anabaki kutii.

Kwa hiyo kukataa kufundishwe, tena kwa mazoezi. Kaa na mrushaji na mdakaji na uwaambie waziwazi: "Nikiagiza mrusho usioutaka, tikisa kichwa. Sitakasirika, na wala sitakutoa." Kisha katika mazoezi agiza makosa kwa makusudi. Mweke mpigaji anayechelewa kila mpira wa kasi, halafu agiza chenjapu. Subiri. Mtoto akirusha tu, simamisha zoezi na umuulize alimwonaje mpigaji. Akitikisa kichwa, msifu mbele ya wenzake. Mara ya kwanza atatikisa huku anakutazama kwa wasiwasi, baadaye ataona ni kawaida. Siku akikuambia, "Mwalimu, huyu tumpe wa kasi tena," umepata mrushaji.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Anza na miguu ya mpigaji. Anayesimama mbali na bamba ana shida na mpira wa nje, na anayelikaribia sana hubanwa na wa ndani. Kisha tazama anavyozungusha gongo mara ya kwanza. Akiukosa mpira wa kasi kwa kuchelewa, au akiugusa ukaruka nje upande wa nyuma ya mwendo wake, mpe wa kasi tena, na tena. Katika besiboli ya watoto hakuna kosa linalorudiwa kama hili: mpigaji anachelewa, kocha anataka kuonyesha ujanja, anaagiza mpira wa taratibu, na mpigaji aliyekuwa ameshindwa anapewa mpira wa mwendo anaouweza. Chenjapu ni ya yule anayewahi, anayeupiga mpira kwa nguvu ukatoka nje ya mstari upande wa mbele yake.

Hesabu ya straiki na boli nayo inaongea. Mrusho wa kwanza uwe straiki, wa kasi, bila madoido. Boli zikiwa tatu bila straiki, agiza katikati, na ukubali kwamba mpira unaweza kupigwa. Una wachezaji saba nyuma ya mrushaji, nao hawakuja kutazama. Straiki zikiwa mbili bila boli, makocha wengi huagiza mrusho wa kupoteza, mpira wa mbali ambao mpigaji hatarajiwi kuugusa. Kwa mtoto naona ni uharibifu. Sheria ya Little League humpa mtoto wa miaka 11 na 12 mirusho 85 kwa siku. Akiipoteza 10 kwa namna hiyo, umemnyima wapigaji wawili au watatu. Mwambie arushe straiki nyingine, chini kidogo.

Mfikirie mdakaji pia. Ukimwona mkimbiaji yuko besi ya tatu, usiagize mpira wa kudunda ikiwa aliye nyuma ya bamba ana miaka 11 na bado hufumba macho mpira unapogonga vumbi. Mrusho mzuri usiodakika ni pointi ya wapinzani.

Na mdakaji ndiye mwenye macho kuliko wewe. Ukiwa benchini, pembeni mwa uwanja, unaona vizuri kimo cha mpira, lakini ndani na nje huoni sawasawa, unakisia tu. Yeye yuko nyuma ya bamba. Anaona mpigaji amesogeza mguu nusu hatua, anaona mikono inavyokaza gongo, anajua mwamuzi wa leo anakubali mpira wa nje kiasi gani. Kumwagizia mdakaji bila kumuuliza ni kukataa habari ambazo huna namna nyingine ya kuzipata. Kila timu yenu inaporudi benchini kwenda kupiga, muulize swali moja mahususi: "Yule wa nne ulimwona anafanya nini?" Swali la jumla kama "mnaendeleaje?" litajibiwa "vizuri", na hutajua kitu.

Ishara ziwe nyepesi. Kwa watoto chini ya miaka 13, mguso mmoja unatosha: kofia ni kasi, mkanda ni chenjapu, mkono wa kulia ni nje. Wapinzani wa umri huo hawazifuatilii ishara zako, na ukizifumba sana mdakaji wako ndiye atakayepotea. Kwa wakubwa, timu nyingi hutumia kadi ya kuvaa mkononi: kocha anataja tarakimu, mdakaji anaitazama kadi na kuona mrusho. Ligi kuu ya Marekani iliruhusu vifaa vya kielektroniki vya kutumiana ishara mwaka 2022, na shule za sekondari za huko zikaruhusiwa mwaka 2024 kutumia kifaa cha kocha kumwambia mdakaji bila yeye kujibu. Kama ligi yako inakiruhusu, fikiri mara mbili. Kifaa kinachopeleka sauti upande mmoja kinarahisisha kuagiza na kinaondoa kusikiliza.

Jambo la mwendo halizungumzwi vya kutosha. Mtoto anayengoja ishara husimama, mkono hupoa, na wachezaji walio nyuma yake huanza kuchezea nyasi kwa viatu. Ligi kuu iliweka saa ya mrusho mwaka 2023, sekunde 15 besi zikiwa tupu, na mchezo ukachangamka mara moja. Jiwekee kanuni yako: toa ishara mdakaji anaporudisha mpira kwa mrushaji. Mrushaji akishakanyaga ubao wa kilima na ishara haijafika, watoto waamue wenyewe. Kanuni hii itakulazimisha uwahi, na siku ukichelewa itawapa wao zoezi.

Anayeagiza mirusho asiwe ndiye anayeihesabu. Akili ya kuwinda mpigaji husahau idadi. Mpe kazi hiyo mzazi mmoja mwenye kalamu, akae karibu nawe, akutajie namba kila iningi inapoisha bila kuulizwa. Vikomo vya Little League kwa siku ni 50 kwa miaka 7 na 8, 75 kwa miaka 9 na 10, 85 kwa miaka 11 na 12, na 95 kwa miaka 13 hadi 16. Hadi miaka 14, aliyerusha 66 au zaidi hupumzika siku nne, 51 hadi 65 siku tatu, 36 hadi 50 siku mbili, na 21 hadi 35 siku moja. Aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kudaka siku hiyo, kwa kuwa mdakaji naye anarusha mchana kutwa. Mzazi ambaye mtoto wake anachezea timu mbili ana mzigo wa ziada: kila kocha anaijua hesabu yake tu, na kiwiko kinazibeba zote mbili.

Lakini namba haitoshi. Mtoto anaweza kuchoka kwenye mrusho wa 45 siku ya joto. Mipira inaanza kupaa, kiwiko kinashuka chini ya bega, anatembea nyuma ya kilima mara mbili kati ya mirusho, anautikisa mkono. Kocha mwenye ujuzi wa kuagiza hushawishika hapo kumwokoa kwa ujanja: chenjapu zaidi, pembe zaidi. Usifanye hivyo. Mrushaji aliyechoka haponi kwa kubadilishiwa mrusho. Mtoe, mpe mkono mbele ya wote, umwite mwingine. Na akitaja maumivu ya kiwiko upande wa ndani, harushi tena siku hiyo, hata akisema yamepoa.

Yapo mabishano ya haki. Makocha wa sekondari kubwa na wa vyuo Marekani huagiza karibu kila mrusho, nao hueleza kwamba wana chati za wapinzani, wanajua nani hupiga nini, na mdakaji wa miaka 17 hawezi kuyakumbuka yote. Nakubali. Kocha mwenye chati ana kitu cha kumwongezea mdakaji. Kocha wa watoto wa miaka 12 hana chati. Anachoagiza ni kisio lake, na kisio la mtoto aliye karibu na mpigaji halipungui thamani. Hata mwenye chati anaweza kumpa mdakaji habari hizo kabla ya mechi, kisha akamwacha azitumie.

Kukabidhi kunafanyika kwa hatua. Njia ninayoiamini ni hii: wapigaji tisa wa kwanza uagize wewe, ukiwaeleza watoto baadaye kwa nini. Wapigaji haohao wakirudi mara ya pili, waagize watoto, kwani sasa wameshawaona. Ukizoea hivyo, geuza: wao waanze, wewe uingie tu mkimbiaji anapofika besi ya pili. Wakifika miaka 14 au 15, mkono wako uinuke kwa nadra. Kama mdakaji wako ni mwepesi wa kufikiri, usingoje umri. Wako wa miaka 12 wanaouona mchezo kuliko baba zao.

Mpira utapigwa. Ukiwa wewe uliyeagiza na mpigaji akaupeleka mbali, sema kwa sauti, timu nzima isikie, "Ule ulikuwa wangu." Mrushaji atainua kichwa. Ukiwa wao walioagiza, uliza sababu na uache matokeo. "Mlimpa wa ndani kwa nini?" Wakijibu kwamba alikuwa amesogea karibu na bamba, waliwaza vizuri, na mpira mzuri nao hupigwa. Wakijibu "hatujui", hapo mna kazi ya mazoezi ya Jumanne, hata kama mpigaji alitolewa.

Zoezi la Jumanne halihitaji vifaa vingi, na kwa hiyo linafaa Marekani na linafaa uwanja wa shule Dar es Salaam wenye glovu za kugawana. Mrushaji, mdakaji, na mchezaji mmoja aliyesimama kama mpigaji bila gongo, mwenye kofia ngumu kichwani. Mirusho 20 tu, na ihesabiwe katika idadi ya wiki. Kabla ya kila mpigaji wa kufikirika, kocha anataja hali: "Anachelewa, mkimbiaji besi ya tatu, ametolewa mmoja." Watoto wanachagua, wanarusha, wanataja straiki au boli, wanaendelea mpaka atoke au afike besi. Baada yake dakika tatu za maneno, basi. Wasio na zamu wakae karibu wasikilize, maana mrushaji wa mwakani yumo miongoni mwao.

Kwa mzazi aliye jukwaani nina ombi. Usimpigie kelele "tupa kasi!" wala usimwonyeshe ishara zako, tayari ana kocha, mdakaji na mwamuzi wa kuwasikiliza. Garini mkirudi, swali la kwanza liwe mkono unajisikiaje. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa mwaka 2014 na ligi kuu pamoja na shirika la USA Baseball, unashauri warushaji wadogo wapumzike kurusha angalau miezi minne kila mwaka, na miwili au mitatu kati ya hiyo ifuatane. Muulize kocha miezi hiyo ni ipi. Asipokuwa na jibu, ichague wewe, na mtoto acheze kandanda au mpira wa kikapu.

Kabla msimu haujaisha, chagua mechi moja na uitangaze mapema: leo sitaagiza hata mrusho mmoja. Kaa na daftari. Andika ambacho ungeagiza kila mara mdakaji anapoinamisha vidole, na mzazi mwenye kalamu aandike kilichorushwa. Baada ya mechi kaeni watatu, wewe na watoto wako wawili, mpitie mpigaji mmoja baada ya mwingine, na kila mlipotofautiana, wao ndio waanze kueleza.